Midomo Mitatu

Nimezipanga juu ya gazeti la juzi:
ya mjomba Vakhushti, mdomo milimita arobaini na tisa,
kijilenzi cha enzi za Sovieti, kizito kama jiwe la mizani,
bado kinanuka mafuta ya cherehani;
ya kati, sitini na saba,
niliyoilipia kwa harusi kumi na moja za watu nisiowajua;
na hii pana, themanini na mbili,
ambayo dada yangu hunikumbusha kila mwisho wa mwezi.

Midomo mitatu. Mwanga ni ule ule.

Jikoni chujio ni chujio.
Bibi alichuja maziwa, akachuja rojo la plamu,
hakuwahi kuuliza birika lina milimita ngapi.
Huku kila mdomo una hesi zake,
na kioo cha mmoja hakimshiki mwenzake.

Nikinunulia kila mmoja chake,
kioo cha kuondoa mng'ao wa maji na kioo cha giza,
ni vioo sita,
na bega ni hili hili lililoteguka Februari.

Kuna mfumo wa mraba:
fremu mbele ya lenzi, vioo vinateremka ndani yake
kama madirisha ya treni ya kwenda Borjomi.
Mzuri. Niliugusa dukani, nikaurudisha polepole.
Kodi ya miezi miwili,
na upepo wa milimani haubishi hodi.

Jumamosi, Daraja Kavu, Tbilisi.
Tamta anamenya mbegu za alizeti kwa meno,
maganda yanaangukia kamera za marehemu wa watu.
Nimemweleza yote, hata habari za bega.
"Nunua kioo cha yule mkubwa," anasema.
"Wadogo wavalishe pete."

Chanda chema huvikwa pete, sawa.
Na chanda chembamba?
"Hicho pete yake huwa pana. Lari kumi na nane zote mbili."
Kioo cha giza ameniachia kwa mia mbili,
kwa kuwa pembeni kina mkwaruzo
ambao, anaapa, nitauona mimi tu.
(Kweli. Nauona hata nikifumba macho.)

Alfajiri, bonde la Truso, mto umevimba kwa theluji iliyoyeyuka.
Nimeanza na ya mjomba.
Kioo kikubwa juu ya mdomo ule mdogo:
mtoto aliyevaa kofia ya baba yake.
Nikacheka peke yangu, mvuke ukatoka.

Kisha jua likagusa ncha ya mnara,
nikaitaka ile pana, haraka,
na pete ikakataa.
Baridi imezing'atanisha hesi.
Nimepuliza. Nimeviringisha soksi ya sufu. Nimetumia meno,
usimwambie mtu.
Kioo nacho kimeng'ang'ania pete,
hivyo lenzi yangu pana ikabaki mkobani, macho wazi, haina miwani.

Gela akatokea na kondoo wake, akasimama.
Akanitazama nikihangaika, mwanamke mzima, chuma mdomoni.
"Dada," akasema, "umefunga au umefungwa?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na sekunde thelathini za mwanga
na lenzi moja inayokubali giza.
Nikairudisha juu ya miguu mitatu, nikabonyeza,
nikahesabu kwa sauti.

Usiku nimeifungua picha.
Mto ni maziwa yaliyomwagika.
Kondoo mia mbili wamekuwa ukungu unaopanda mlima,
hakuna hata sikio moja.
Gela tu, kwa kuwa alisimama kunishangaa,
ndiye aliyebaki mtu,
kila kifungo cha koti lake kikihesabika.

Pete haijatoka mpaka leo.
Tamta anasema nimpelekee, ana koleo ya mpira, lari tano.
Nimemwambia nitapita.
Jumamosi mbili zimekwisha.