Ngazi Isiyo na Ghorofa

Mimi ni fundi wa madishi.
Kazi yangu iko juu ya mapaa ya Ruwi na Mabela,
huko ambako matenki ya maji huchemka tangu saa nne asubuhi
na kila sahani ya bati imekodolea pembe moja ya mbingu
kama wapangaji wanaosubiri lifti mbovu.
Nazungusha skrubu kidogo kushoto,
chini mtu anapiga ukelele: "Imekuja!"
Kilichokuja ni mji.

Mji wa humo ndani naujua.
Kila nyumba ina ngazi pana ya marumaru
na hakuna anayeipanda. Zote ni za kushukia,
taratibu, kwa hina na kisirani,
kumwambia aliyekaa chini kwamba mirathi imeshagawanywa.
Hakuna anayetafuta pa kuegesha gari.
Kikombe huletwa, hakinywewi, hakioshwi.
Na hodi ikibishwa, basi ni talaka au polisi.

Shangazi yangu Bi Ghaniya alifika Maskati
kutoka Tabora, na mabinti watatu na cherehani,
Kiarabu chake kikiwa Alhamdu na Kulhuwallahu.
Aliweza kuswali; hakuweza kununua vitunguu.
Jirani akimwamkia, yeye hujibu "Amin."
Mjomba akakopa televisheni,
ya mbao, miguu minne kama mbuzi,
na kila usiku baada ya isha shangazi akaingia darasani.

Akajifunza. Ila walimu wake walikuwa wajane matajiri
wa tamthilia za Kuwait, pete vidole vyote.
Ndiyo maana hadi leo, sokoni Matrah,
huomba nusu kilo ya bamia
kwa sauti ya mtu anayefichua siri ya miaka ishirini.
Shaji muuza mboga, Kiarabu chake naye cha kuokoteza,
hushika kifua: "Mama, wallahi ni ya leo!"

Walipojenga Mabela, mjomba alitaka chumba cha wageni.
Shangazi alitaka ngazi.
"Ya nini, na nyumba ni ya chini?"
"Kwani nilikuja mjini nikae chini?"
Ikajengwa: vidato kumi na saba,
chuma cha kushikia kikapakwa rangi ya dhahabu.
Pesa ikaishia kidato cha mwisho.
Ghorofa haikuja. Nondo bado zimesimama kule juu,
zimevikwa chupa za plastiki zisiwachome watoto.

Vidato vya juu, penye jua, hukaushiwa ndimu.
Kwenye cha tano Muatasim hufanyia hesabu.
Siku ya Idi viatu hupanda hadi mlango wa paa.
Yeye mwenyewe hajawahi kushuka pale na habari.
Mjomba alipofariki, simu ilimkuta jikoni;
akalia Kiswahili kitupu,
mwiko wa uji mkononi,
na hakuna aliyemgeukia kamera.

Jana upepo umelihamisha dishi. Nikapanda.
Kutoka juu, Mabela ni viyoyozi vinavyotoa machozi,
lori la maji linarudi nyuma likilia,
vijana wanacheza mpira kwenye kiwanja cha mtu,
mfanyakazi wa jirani, Mfilipino, amejificha nyuma ya mashuka
anamwimbia mtoto ndani ya simu.
"Bado!" shangazi anaita. "Chenga! Chenga tupu!"

Nikashuka kufuata spana.
Yuko chini ya ngazi, kanga kichwani, rimoti kifuani.
"Taratibu," akasema. "Usishuke kama mwizi.
Haya, simama hapo hapo. Sema neno."

Nikasimama kidato cha saba, koleo mkononi,
shati limenigandia mgongoni.
Miaka yote hii anangoja mtu ashuke.
Nikatafuta siri, nisipate; mirathi, sina.
"Shangazi," nikasema, "waya umeliwa na panya."

Akashika ukuta. Akafumba macho.
"Nilijua," akanijibu, kwa Kiarabu kizuri kuliko changu,
"nilijua tangu siku ya kwanza."