Kabureta Mbili

Ganjoni, saa nne, boneti i wazi.
Fundi Shekuwe achomeka mpira sikioni,
ncha ya pili mdomoni mwa kabureta.
Sss. Ya mbele yavuta.
Ya nyuma imenuna.

"Wake wenza hawa. Ukimzidishia mmoja hewa,
mwenziwe atakufukizia moshi mpaka jioni."
Robo mzunguko. Arudisha kidogo.
Emji ya marehemu baba, kijani,
chumvi ishaula mlango.

Mara anipa mimi mpira.
"Sikiza wewe. Langu hili
lilibaki Shimanzi, kwenye majenereta."

Bisibisi yake, sikio langu.
Robo tena. Unywele.
"Hapo!"

Injini yakoroma
kama paka aliyeiba changu wa jirani.
Fundi aweka kiganja juu ya chuma,
afumba macho,
asikiza kwa mkono.