Jumamosi, Chumba cha Simu

Hull, saa mbili asubuhi, mvua ya manyunyu.
Meneja katuletea biskuti na karatasi:
majina elfu moja mia nne na sita,
magoti, nyonga, mtoto wa jicho,
yaliyolala tangu korona ifunge vyumba vya upasuaji.
"Ulizeni kama bado wanahitaji."
Bado. Neno dogo hilo, lina meno.

Bwana Thackray hahitaji tena:
aliuza gari, akaenda kupasuliwa Lithuania.
Namfuta. Orodha imepungua.
Bi Oldroyd amejifunza kushuka ngazi kinyumenyume,
anacheka, aniuliza kama nami nimewahi kujaribu.
Namba ya tatu inaita, inaita,
kisha mwanamume ananiambia polepole,
kana kwamba mimi ndiye mfiwa:
"Mama tulimzika Machi."
Kwenye kompyuta kuna kisanduku cha hilo pia.
Nakibonyeza. Orodha imepungua.

Saa sita, ubao wa hesabu unashangiliwa.
Nami napiga makofi, biskuti mkononi.

Halafu Doreen Wardle, nyonga ya kushoto,
siku mia saba na tisa.
"Alhamisi? Alhamisi hii?"
Kimya. Nasikia droo ikivutwa.
Mkoba aliufunga mwaka juzi, asema,
gauni la kulalia sasa linampwaya,
slipa alishampa dada yake.
"Lakini nakuja, mwanangu. Hata pekupeku nakuja."

Naandika: Alhamisi, saa moja na nusu.
Naandika kwa kalamu kwanza, kwa wino,
ndipo naiambia mashine.