Hapa Pana Shimo

Waliniita kwa sababu ya lugha, si kwa ujuzi.
Kijana mmoja wa Idara ya Maji, Ruwi, ghorofa ya tatu,
alikuwa anaifumua programu kongwe aihamishie kwenye mashine mpya,
na katikati ya amri za Kiingereza
akakuta maneno asiyoyajua, herufi kubwa tupu:
HAPA PANA SHIMO. PITA KUSHOTO.
Akadhani ni kirusi.
Mhasibu wa kutoka Sur akachungulia, akacheka:
hicho Kiswahili, mwanangu. Mtafute mtu wa Unguja.

Nikavuta kiti. Herufi za mashine hazina mwandiko,
lakini nilimjua.

Zeyana binti Hemed, shangazi yangu,
aliyeshuka Maskati mwaka wa sabini na tatu
na sanduku moja la bati, cheti cha hesabu cha Misri,
na Kiarabu kilichochekwa sokoni Matrah.
Mzinjibari, wakamwambia, mchele uko duka la pili.
Yeye alitaka daftari la mirabaraba.

Mashine ilikuwa na chumba chake na baridi yake.
Nje Juni, lami inang'ang'ania viatu;
ndani shangazi na sweta la sufi
anatoboa kadi, safu themanini,
kama mshona kofia: tundu moja likienda upande
ua zima limeharibika.
Siku moja sanduku likamponyoka ngazini.
Kadi elfu mbili.
Alikaa palepale akazipanga hadi adhana ya alfajiri,
na tangu hapo kila fungu akalichora ubavuni
mstari wa mshazari, wa wino mwekundu.

Mashine ilitaka majina mawili.
Watu wa Nizwa na Ibri walikuja na sita,
fulani bin fulani bin fulani, kisha kabila.
Kata, akasema mkuu wake.
Hakukata. Alikesha siku tisa
mpaka mashine ikajifunza kumngoja babu.

Nikaendelea kushuka, kidole kwenye kioo:
MWENYE NYUMBA KAFA. MJANE ASITOZWE MARA MBILI.
SIFURI SI KITU, ILA IKIKOSEKANA UTAJUA.
USIGUSE. MIMI NILIGUSA.
Na karibu na mwisho, Machi ya themanini na moja:
MAMA KAFARIKI LEO UNGUJA. HESABU IMEKUBALI.

Kijana akanieleza kwa upole, kama anayetoa pole,
kwamba kinyota kile mwanzoni mwa mstari
huiambia mashine iruke, isisome.
Basi miaka thelathini maji ya mji huu yamelipiwa
juu ya msiba wa bibi yangu,
bili kwa bili, mwezi kwa mwezi,
na hakuna aliyelowa.

Nifute? akauliza.

Nikampigia. Yuko Al Khoud siku hizi, goti linamsumbua,
na ukutani kwake ipo saa aliyopewa kustaafu,
imeandikwa jina la kampuni, si lake.
Nikamsomea yote. Kwenye Machi nikapunguza sauti.
Akanyamaza, nikasikia feni.
"Na lile shimo," akasema, "bado lipo?"
Nikamuuliza kijana. Kijana akatafuta, akakuna kichwa.
Lipo, shangazi.
"Basi mwambie apite kushoto."
Akakata simu. Alikuwa na mkate wa ufuta jikoni,
unaungua.