Bikoni

Mpima aliipanda asubuhi, katikati ya migomba,
kigingi cha saruji, namba imechongwa kichwani.
Shangazi Ndeanasia akakimwagilia maji
pamoja na maharage.
"Na hiki nacho kimepandwa," alisema. "Tuone kitazaa nini."

Kilizaa dalali.
Kilizaa wajukuu wa Dar, waliokuwa hawapigi simu,
sasa wanauliza mita ya mraba inakwendaje.
Kilizaa barabara ya lami, kwenye ramani,
inayopita pale pale lilipo jiko,
na X nyekundu kwenye mlango wa banda la ng'ombe.

Mwaka juzi Rau ilikuwa shamba.
Mwaka huu ni eneo la uwekezaji.
Udongo ni uleule, unang'ang'ania viatu vilevile.

Jana usiku nikamwuliza: utauza?
Alikuwa anamenya mshare, kisu hakikusimama.
"Kitovu cha baba yako kiko chini ya mgomba ule.
Waanze na bei ya hicho,
kwa mita ya mraba."

Kisha, sufuria ilipokwisha kuchemka:
"Ila taa za barabarani ningependa kuziona.
Hata moja tu.
Hapo mlangoni."