Sifuri ya Mto Kawa

Huu ni msimu wa nane nawaongoza.
Mvua ya kwanza ya Septemba ikishagonga mabati ya Kadutu
nabeba mizani, futi ya fundi cherehani,
daftari lililoviringishwa ndani ya mfuko wa chumvi,
na tunashuka: Cikuru mbele na nyavu,
Namwezi na ndoo mbili, Zihindula na tochi
ambayo betri zake anazipasha joto kwapani
kama kuku anayeatamia.

Kuyu hupanda usiku.
Huyaacha maji mazito ya Kivu,
hunusa udongo mpya mdomoni mwa mto,
na ni samaki wakaidi: maji yakisema shuka
wao husikia panda.
Huko Lwiro bado wanapanda. Tunawapokea
kwenye uzio wa matete tuliousuka Agosti,
mmoja mmoja, mikono imeloweshwa kwanza.
Hiyo ndiyo sheria yangu, naisema kila mwaka:
mkono mkavu humnyang'anya samaki ute wake.
Urefu. Uzito. Dume au jike.
Ncha ya pezi la kushoto, kiasi cha ukucha wa mtoto,
mkasi, kisha "nenda, mama,"
kwani Zihindula huwaita wote mama, hata madume.

Usiku wa kumi na moja alirudi mmoja
tuliyemkata mwaka jana:
pezi limeota upya, limepinda
kama mshono wa mwanafunzi.
Sentimita arobaini na tatu.
Namwezi akapiga vigelegele, nikamwambia anyamaze,
kisha nikageukia giza nifute uso.

Lakini hesabu haiishii Lwiro.
Alhamisi ni zamu ya Kawa,
mto unaokatiza mji kama mtu
aliyebebeshwa mizigo ya majirani:
chupa za plastiki, kandambili, bidoni zisizo na mfuniko,
kikwembe kilichokuwa sare ya harusi ya watu.
Vyote huenda ziwani, kisha Ruzizi,
kisha kwenye meno ya mitambo,
na taa zikizimika Panzi tunalaani kampuni ya umeme.

Tunatega pale pale, chini ya daraja,
tangu saa mbili hadi saa sita za usiku.
Wapita njia hucheka: "Mnavua chupa?"
Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna.
Ya tano Cikuru, kijana anayetushinda sote kwa mwandiko,
akachora kistari.

Nikamwuliza: hiki ni nini?
Akasema: Dada Mugoli, sifuri zimejaa ukurasa,
zinanitazama kama macho.

Nikakaa juu ya ndoo. Magoti yaliniuma.
Nikamwambia, Cikuru, kistari maana yake hatukuja.
Kistari ni nauli iliyokosekana.
Ni zile wiki tatu za mwaka ule
tulipolala sakafuni, madirisha yamezibwa kwa magodoro;
fungua nyuma, utaviona, ni mwandiko wangu, umepinda.
Vile ni halali.
Lakini sifuri ni kazi.
Sifuri ni miguu minane majini,
ni wavu uliotegwa vizuri, ukainuliwa vizuri,
ukakutwa mtupu,
na mtu akakubali kusema hivyo.

Hakujibu. Alikifuta kistari kwa mate na kidole
hadi karatasi ikachubuka,
akaandika sifuri papo hapo palipochubuka.

Juu ya daraja, mama anayepima sambaza wakavu kwa kikombe
aliinama kwenye ukingo:
"Leo mmepata nini?"
"Sifuri, mama."
Akafikiri, akikikung'uta kikombe.
"Basi na mimi leo ni hiyo hiyo. Niandikeni."
Akalitaja jina lake, Ntakwinja, polepole,
kama anayelitaja kwa karani.

Cikuru akanitazama.
Daftari letu halina safu ya wauzaji.
Akamwandika pembeni.