Kituo Namba Nne

Honi saba fupi, moja ndefu.
Bandari ya Mutrah, saa kumi alasiri,
chuma cha sitaha kinachoma kupitia soli,
na mimi, mtandika vitanda,
mkunja taulo zikawa ndovu,
nimevaa kofia ya manjano: kwa nusu saa
hawa wote ni wangu.

Orodha yasema mia na arubaini na wanane.
Nahesabu. Mia na arubaini na saba.
Nahesabu tena, kwa kidole, kama mwalimu wa chuoni.

Namkuta kando ya bwawa, bwana wa 6114,
barafu inalia glasini.
"Nimelipa pesa yote ile nije nianikwe kama dagaa?"
Bahari haisomi risiti, nataka kumwambia.
Mdomo wangu wa kazi unasema: tafadhali.
Nikaandika: hakuja.

Bi Thuwaiba bint Seif, wa Ruwi, mzawa wa Wete,
ananinyooshea mikanda ya jaketi lake.
"Kaza, Mbwana. Mie si yai."
Kisha ananitazama kifuani, penye kibandiko cha jina tu.
"Na lako?"
"Liko kabatini, bibi."
"Haya. Kabati likizama, wewe utaelea na nini?"
Watu wakacheka. Mimi pia, kidogo.

Usiku, saa nane kasorobo,
milima ya Musandam giza tupu upande wa kushoto,
harufu ya pamba inayoungua ikapanda ngazi
kabla ya king'ora.
Saba fupi. Moja ndefu.

Wakaja na ndala, na meno ya bandia mkononi,
na mtoto mmoja kabeba viatu vya mamake.
Akaja na bwana wa 6114, jaketi juu chini,
vidole havijui tena bizimu ni nini.
Nikamgeuza kwa mabega
kama anayevishwa sare siku ya kwanza ya shule.
Hakutaja bei.

Mia na arubaini na wanane.
Bi Thuwaiba akaninyang'anya kalamu,
akachora kijistari pembeni mwa orodha.
"Na huyu je, hahesabiwi?"

Ilikuwa taulo, ndani ya mashine ya kukaushia.
Dakika kumi na mbili, moto ukazimwa.
Asubuhi, Khasab, wakashuka kutazama pomboo.
6114 alilalamika kahawa imepoa.

Nilipoingia kumtandikia,
jaketi halikuwa kabatini.
Lilikuwa limelazwa juu ya mto wa pili,
mikanda imefungwa, vibaya, lakini imefungwa.
Nikatandika kulizunguka.
Ndovu sikumkunjia.
Taulo zilikuwa chache siku ile.